Wikendi ya wawili nje ya mji: Mida, Marafa au Kipungani?

Likizo zikikaribia, sisi wakazi wa Malindi huulizwa swali moja na jamaa wa Mombasa na Nairobi: "Mimi na mwenzangu tunataka siku mbili tatu za kupumzika, mbali na kelele. Tubaki kwenu au tupitilize mpaka Lamu?" Mimi hujibu kwa kuuliza. Mnatoka wapi, na Jumatatu mnatakiwa kazini saa ngapi? Wengi wakishajibu hayo mawili huanza kupunguza orodha wenyewe.

Hapa nalinganisha pahali patatu pa shamba, si pa mjini. Pa kwanza ni hori (mkono wa bahari) ya Mida pamoja na majirani zake, magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi. Pa pili ni Marafa, kaskazini-magharibi, bara kidogo, penye lile korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari. Pa tatu ni Matondoni na Kipungani, vijiji viwili vya upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, mbali na mji mkongwe unaopigwa picha kila siku. Shela, kijiji kingine cha kisiwa hicho, nimeiacha makusudi. Ni pazuri, sikatai, lakini siku hizi anayekwenda Shela haendi shamba. Anakwenda kukutana na wale wale aliowaacha Nairobi, ila huko wamevaa vikoi.

Msimamo wangu niutoe mapema. Tofauti kubwa ya pahali hapa patatu si uzuri. Ni nani anayekupangia siku. Mida unapangiwa na maji kujaa na kupwa. Marafa unapangiwa na jua. Kipungani unapangiwa na maji, na upepo, na nahodha ambaye ana shughuli zake nyingine. Wawili wanaokubali kupangiwa hupumzika; wanaokwenda na ratiba yao mfukoni hurudi wamenuniana. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pa kwenda, jueni ni mamlaka gani mnaweza kuyatii bila manung'uniko.

Njia, kwa sababu ndiyo inayokula wikendi

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Gede iko kilomita 15 hivi kabla ya kufika Malindi. Matatu za Mombasa–Malindi zinapita papo hapo njia panda ya Gede. Mkishuka mnachukua tuktuk hadi Mida au Watamu. Kikwazo ni kimoja tu, nacho ni Mtwapa Ijumaa jioni. Mkitoka mjini saa kumi na moja, mtakaa kwenye foleni mpaka hamu iishe. Tokeni kabla ya saa nane mchana, au subirini Jumamosi alfajiri, mtafika Gede chai ikiwa bado moto.

Wanaotoka Nairobi wana ndege ya moja kwa moja mpaka Malindi, au treni ya SGR mpaka Mombasa kisha gari. Treni ni rahisi kwa mfuko, lakini kituo cha Miritini kiko upande wa pili wa Mombasa. Yaani baada ya saa tano na zaidi za reli mna mji mzima wa kuuvuka ndipo muanze njia ya kaskazini. Kwa usiku mbili sishauri. Kwa usiku tatu, sawa.

Marafa mnaiendea kupitia Malindi: mnavuka daraja la mto Sabaki, mnafika upande wa Mambrui, kisha mnaiacha barabara kuu ya Garsen na kukata kushoto kuelekea bara. Kutoka Malindi ni kama kilomita 40. Usafiri wa umma upo ila hauna haraka na mtu. Wengi hukodi gari au bodaboda Malindi na kuelewana bei ya kwenda, kungojwa na kurudi. Hilo neno "kungojwa" lisemeni mapema, maana ndipo ugomvi wa bei huanzia. Mvua ikiwa imenyesha, ulizeni hali ya njia kabla ya kulipa.

Lamu ni habari nyingine. Kwa ndege mnatua uwanja wa Manda, mnapanda boti, na dakika chache baadaye mko gatini Lamu. Kwa basi kutoka Mombasa ni safari ya siku nzima: Malindi, Garsen, Witu, kisha Mokowe, gati la upande wa bara, na kutoka hapo ni boti tena. Barabara ya Garsen–Witu–Lamu sasa ina lami, na tofauti na zamani ni kubwa kweli. Lakini ni barabara iliyowahi kushambuliwa. Kuna vizuizi vya polisi na ukaguzi wa vitambulisho, na mabasi husafiri mchana. Msiende na gari lenu usiku, na wiki ile ya safari ulizeni walio huko hali ikoje. Kurudi kwake ndiko kunakowashangaza wageni. Basi la Mombasa huondoka Mokowe mapema asubuhi, kwa hiyo mtavuka bahari kukiwa bado na giza, mmebeba viatu mkononi. Anayeondoka Mombasa kwa basi Jumamosi na kutaka kurudi Jumapili hajaenda Lamu. Amepanda basi mara mbili.

Kwa njia peke yake, basi, Mida inashinda kwa mbali. Kama mna Jumamosi na Jumapili tu na hampandi ndege, hapa mjadala umeisha, na sehemu ya Kipungani mnaweza kuisoma kwa ajili ya mwaka ujao.

Mida: kuangalia maji yakienda na kurudi

Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, umezungukwa na mikoko. Maji yakipwa, sehemu kubwa inabaki tope na mchanga; yakijaa, mitumbwi inapita juu ya pale mlipokuwa mkikanyaga asubuhi. Mambo yote mawili mnaweza kuyaona kwa siku moja bila kuhama, na hiyo ndiyo sababu wawili waliochoka nawapeleka huko.

Kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba. Anayetembea mbele anamtikisa wa nyuma, na hakuna namna ya kulipita kwa hasira. Chini yake kaa wadogo wenye gando moja kubwa hutoka matunduni, wanasikia kishindo cha mguu, wanazama wote kwa pamoja. Mkisimama kimya kidogo, wanatoka tena mmoja mmoja. Mwongoza wageni atawaonyesha mchu ulivyochomoza mizizi yake juu ya tope kama kalamu zilizochomekwa, na mlilana unaosimama mbele kabisa karibu na maji. Daraja hilo lilianzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya pamoja na wenyeji, na kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Sijui pesa nyingine ya utalii inayofanya kazi iliyo wazi namna hiyo.

Sasa maji. Kila mtu anajua bahari hujaa na kupwa, lakini wageni hawaangalii mwezi kabla ya kuchagua wikendi, na hapa ndipo faida ilipo. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri, na hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Hiyo ni wikendi ya mtumbwi: mnaingia horini jioni jua likilegea, maji yamefika mpaka majani ya mikoko. Siku za maji mafu, wiki moja baada ya bamvua, mambo hugeuka. Maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi na wala hayapwi mbali. Hiyo ni wikendi ya ndege. Kuanzia saa moja asubuhi, kungali baridi, maji yanapanda polepole na kuwasukuma ndege karibu na kibanda. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwa wamejaa ndege wahamaji kutoka ng'ambo, na atakayewafurahisha zaidi ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, anayekimbia hatua chache, akasimama, akadona. Kila siku maji huchelewa kwa karibu saa moja, kwa hiyo Jumapili haiwi sawa na Jumamosi.

Mchana wa jua kali haufai nje, na Mida inawapa pa kujificha. Gede ina kivuli cha miti mikubwa juu ya magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17. Mji huo uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimbua 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Kaburi moja, liitwalo kaburi la tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Ingieni saa tatu asubuhi, kabla ya mabasi ya shule, na msishike ndizi mkononi, kwa sababu kima wa Gede hawaombi. Ndani ya uwanja huo huo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaokaa kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa zake (viwavi waliokwisha kujifunga, kabla ya kuwa vipepeo) ng'ambo, badala ya kukata miti.

Kuhusu msitu wenyewe nitakuwa mfupi. Arabuko-Sokoke una karibu kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Kama mwenzako anapenda kutembea alfajiri, chukueni mwongozaji kwenye lango lililo kusini kidogo mwa njia panda ya Gede, mkamtafute bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki sentimita 20 na hulala mchana kwenye kichaka utadhani jani kavu. Kama mwenzako hapendi, mwache alale. Msitu hauna mandhari ya kushtua; ni wa wenye subira.

Chakula cha Mida ni kaa. Kikundi cha wanakijiji wa Dabaso kina mkahawa wa mbao uliojengwa juu ya mikoko, Crab Shack, na sambusa zao za kaa zina sifa mpaka Nairobi. Nendeni mapema kabla ya machweo, meza za ukingoni ziwe bado wazi. Wikendi za Desemba njooni na akili: pale hujaa watu, na utulivu mliousafiria mtauona kwa mbali. Ubaya mwingine wa Mida ni mbu na usubi saa za magharibi. Suruali ndefu, mafuta ya kujipaka na chandarua si hiari.

Malazi yapo ya kila aina, kuanzia vibanda vya makuti vya wanakijiji ukingoni mwa hori hadi hoteli za Watamu. Mimi ningelala horini. Watamu mnaweza kwenda kuoga baharini na kurudi.

Marafa: jioni moja nzuri sana

Marafa huwa najizuia kuipigia debe kupita kiasi, maana watu huiendea wakitarajia wikendi nzima na inachowapa ni saa tatu. Ila saa tatu zenyewe!

Mnafika kijijini, hakuna dalili ya kitu. Mikorosho, miembe, mbuzi, watoto. Mnalipa kiingilio kwa ofisi ya wanakijiji, mnapewa mwongozaji, mnapiga hatua chache, na ardhi inakatika. Chini yenu kumesimama minara ya udongo na mchanga wa mawe, tabaka jeupe juu ya la waridi juu ya jekundu, iliyochongwa na mvua na upepo tu. Na haijaisha kuchongwa: kila msimu wa mvua ukingo unamegeka tena kidogo, ndiyo maana mwongozaji hatawaruhusu msimame popote mnapotaka kupiga picha. Msikilizeni.

Mwongozaji atawasimulia kisa cha tajiri mwenye ng'ombe wengi, ambaye jamaa yake walioga maziwa huku jirani zao wakilala njaa, mpaka Mungu akaukasirikia mji na ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Kuna anayekisimulia kwa kukariri na kuna anayekisimulia kama mambo ya ukoo wake mwenyewe; mkimpata wa pili, msimkatize.

Saa ya Marafa ni kuanzia saa kumi alasiri. Adhuhuri kule chini ni tanuri, hakuna upepo wala kivuli, na wenzi wengi huanza kulaumiana nani alisahau maji. Jua likishuka, rangi zinabadilika kila baada ya dakika chache, na hapo mtafahamu kwa nini nasema pahali hapa pana bwana mmoja tu. Ukichelewa kwa sababu uliagiza samaki Mambrui, umekosa.

Swali basi ni kulala au kurudi. Kuna nyumba za wageni za kawaida karibu na ukingo, na anayelala huko hupata mambo mawili: usiku wa nyota tupu, na ukingo wa saa kumi na mbili asubuhi bila mtalii mwingine. Chakula agizeni mkifika, si njaa ikifika. Kuku atakamatwa, atachinjwa, atapikwa, sima itasongwa, mtsunga, ile mboga chungu ya Wagiriama, utachumwa. Haya yote ni matamu na hakuna hata moja la haraka. Anayetaka kitanda kipana na maji moto asilale Marafa. Arudi Malindi, au alale Mambrui, mji mdogo wa zamani ulio baharini, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa sahani za Kichina na ufuo wenye mchanga unaometameta.

Kwa hiyo Marafa naiweka kama kitoweo. Iunganisheni na Mambrui, au iwe Jumamosi jioni ya wikendi ya Mida kama mna gari. Peke yake inafaa wenzi wa aina moja: wale ambao furaha yao ni kukaa nje ya mlango usiku wakizungumza, wasihitaji kitu kingine.

Kipungani na Matondoni: kwa wenye siku nne

Watu wengi wakitaja Lamu wanamaanisha mji mkongwe, uliomo katika urithi wa dunia tangu 2001, vichochoro, punda na barza. Lakini kisiwa kina mgongo na upande wa nyuma: mashamba ya minazi na miembe, njia za mchanga, visima, na vijiji ambavyo havina duka la vikumbusho hata moja. Matondoni iko mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini, Kipungani ni mbele zaidi, kwenye ncha ya kusini-magharibi. Bodaboda zinafika, lakini kama mnataka kufika mkiwa mmeshaanza kupumzika, nendeni kwa mashua.

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Mkikuta chombo kiko juu ya magogo, kaeni kivulini mtazame kazi. Fundi mmoja anatoboa mbao kwa keke, akivuta upinde mbele na nyuma. Mwingine anapima taruma, ubavu wa ndani wa chombo, kwa jicho, anaichonga kidogo, anaijaribu, anaichonga tena. Kwenye maungo ya mbao wanashindilia pamba kwa patasi na nyundo, kazi inayoitwa kukalafati, na mlio wake unasikika kijiji kizima, to-to-to, mpaka adhana. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, itabaki kwenye nguo zenu. Msichukue picha kabla ya salamu. "Asalaam aleikum", kisha "masalkheri", kisha habari za watu wa nyumbani, na mkishakaa kidogo mzee mwenyewe atasema, "Haya mwanangu, piga picha yako."

Kipungani ni kijiji cha wanawake wasukaji na ukili wao, ule utepe wa kushonea mikeka. Utamkuta mama anazungumza na jirani yake, macho yako kwenu, na vidole vinaendelea kusuka miyaa, yale makuti membamba, bila kuangaliwa. Ukili unashuka mapajani na kujikunja kwenye mchanga pima baada ya pima. Baadaye pima hizo hushonwa pamoja kuwa mkeka. Kununua mkeka hapo ni bora kuliko kununua mjini, kwanza kwa sababu pesa inabaki kwa aliyesuka, pili kwa sababu utaambiwa ukweli kuhusu rangi, ipi inachuja na ipi haichuji.

Chakula sina haja ya kukipamba: samaki wa kupaka, wali wa nazi, na msimu ukiwa wake, embe ngowe, aina ambayo sisi wa pwani tunaihesabu ni ya Lamu, ndefu, iliyopinda ncha, isiyo na nyuzi. Mkila embe za Kipungani Januari, mtazidharau za sokoni mwaka mzima.

Malazi ndiyo shida. Kule kwenye ncha ya kisiwa kuna nyumba chache za ufukweni, nyingi za bei ya juu, na hujazwa mapema. Wengi hulala mjini Lamu kwenye nyumba za mawe na kutoka kwa siku. Si kasoro: mnaamka juu ya dari asubuhi, mnakunywa chai na mahamri na mbaazi, mnapanda mashua, mnarudi jioni. Ila jueni hesabu ya boti. Bei huwa ni ya chombo, si ya kichwa. Watu wanane wakigawana ni rahisi. Nyinyi wawili mnalipia viti sita vitupu. Hii ndiyo sababu Kipungani inakuwa ghali zaidi ya Mida hata pale chumba kinapokuwa na bei ile ile. Kuna wanaotafuta wenzi wengine wawili gatini na kugawana. Mimi siwezi, nimekuja kupumzika.

Mkiwa na siku ya ziada, mwambieni nahodha awapeleke Takwa, magofu yaliyo kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Msikiti wake una mnara juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683 hivi. Kufika kwake ni kwa mkondo mwembamba wa mikoko ambao maji yakipwa haupitiki. Nahodha akisema "tutatoka saa nane", hiyo saa nane si maoni yake.

Majira nayo yana uzito zaidi Lamu kuliko kwengine. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na joto ni kali. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo una nguvu, nje ya mlango wa bahari kunachafuka, na safari nyingi hubaki ndani ya mikondo. Masika yenyewe, Aprili na Mei, sipeleki mtu popote kati ya pahali hapa patatu. Na kuna Mfungo Sita: wageni wa Maulidi hujaa mji wa Lamu, vyumba hupotea, utulivu hakuna. Kwa aliyekuja kwa Maulidi ni neema, kwa aliyekuja kulala mchana ni hasara. Ramadhani, vijijini hamtapata pa kula mchana, na si adabu kutafuna njiani.

Adabu kwa jumla: bega lifunikwe, goti lifunikwe, leso ni rafiki wa mwanamke kila mahali. Kushikana mikono na mwenzako kijijini huwafanya wazee watazame pembeni kwa ajili yenu. Pombe Kipungani msiiulizie. Marafa, pombe ya mnazi mtaikuta bila kuuliza.

Basi mchague vipi

Kama mnatoka Mombasa na mna usiku mbili: Mida, na mwezi ndio uwaambie wikendi gani. Kama mnatoka Nairobi kwa ndege na mna usiku mbili, bado ni Mida, ingawa wengi watanibishia kwa kuwa ndege ya Lamu ipo. Ipo, lakini Lamu ya usiku mbili huishia mjini na Shela. Upande wa nyuma wa kisiwa hamtauona ila kwa kukimbia. Usiku nne, au fungate, nendeni Lamu na Kipungani iwe siku mbili kati ya hizo. Marafa ni nyongeza ya safari yoyote ya Malindi mtakayokuwa nayo, jioni moja, na kulala kama mnaelewana kimya kimya.

Na kama mmoja wenu hawezi kukaa na mwingine hawezi kutembea? Hiyo pia ni Mida. Huyu atakwenda msituni saa kumi na mbili, yule atabaki kwenye kitanda cha kamba, na saa nne watakutana Gede kila mmoja akiwa amepata chake. Kipungani haigawanyiki hivyo. Mashua ni moja.

Mkishaamua, pigeni simu Jumatano, si Ijumaa. Kwa Mida ulizeni maji yatajaa saa ngapi Jumamosi, na kama mtumbwi utakuwepo. Kwa Marafa ulizeni mvua ilinyesha lini. Kwa Lamu mtakeni nahodha awatajie bei ya kwenda na kurudi, mafuta ndani, chakula ndani, na kama ana makoti ya kuelea mawili ya saizi yenu. Bebeni vitambulisho vya Kenya, kwa sababu mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni na pale langoni hakuna atakayewaamini kwa Kiswahili chenu tu. Vituo vingi vya serikali sasa hulipiwa kwa simu, lakini mama wa mikeka na mwenye mtumbwi hufurahi zaidi wakiona noti ndogo ndogo, kwa hiyo vunjeni pesa Gede, Malindi au Mokowe kabla ya kuingia shamba.